Damu yako mwenyewe kutibu kidonda cha kisukari: ahadi, ushahidi na mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Tuchukue mfano wa mzee wa Kamachumu, mwenye umri wa miaka 62, ambaye amekuwa na kisukari kwa miaka kumi na moja. Jioni moja anarudi kutoka kibanjani, anavua viatu vya plastiki na kukuta chini ya kidole gumba kuna ngozi iliyochubuka na damu kidogo. Hakujisikia kuumia popote. Mke wake anaosha pale kwa maji ya chumvi na kufunga kitambaa, na kesho yake mzee anaamkia kwenye migomba kama kawaida. Watoto wakimwuliza, "Ta, mguu vipi?" anajibu, "Hauumi."

Miezi mitatu baadaye kidonda kimekuwa shimo. Hapo ndipo kijana wake aliyeko mjini anatuma ujumbe kwa simu: kuna tiba mpya, unachotwa damu yako mwenyewe, inazungushwa kwenye mashine, kisha inarudishwa juu ya kidonda na kidonda kinafunga. Bei imetajwa. Nyumbani wanaanza kupiga hesabu. Wauze kahawa ikiwa bado mtini, yaani butura, au wakate kipande cha kibanja?

Mzee huyu ni wa mfano, lakini swali ni la kweli na familia nyingi zinaweza kujikuta nalo. Katika makala haya tunaeleza tiba hiyo ni nini, inafanyaje kazi, tafiti zimeonyesha nini hadi sasa, na mambo gani lazima yatangulie kabla familia haijatoa hata shilingi moja kwa ajili yake.

Kwa nini kidonda cha kisukari hugoma kupona?

Mtu asiye na kisukari akijikata kwa jembe, maumivu humlazimisha kuupumzisha mguu. Damu huleta chembe za kupambana na vijidudu, kidonda hujisafisha, nyama mpya huota na ngozi hufunga. Kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, mambo manne huharibika katika safari hiyo.

La kwanza ni mishipa ya fahamu. Sukari ikiwa juu kwa miaka mingi huiharibu, kuanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda juu. Mguu unakuwa na ganzi. Mtu anaweza kutembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu bila kujua. Ndiyo maana neno "hauumi", ambalo katika magonjwa mengine ni habari njema, katika kisukari ni dalili ya hatari.

La pili ni mishipa ya damu. Ile inayopeleka damu miguuni huwa myembamba au huziba, hasa kwa anayevuta sigara au mwenye shinikizo la juu la damu. Pasipofika damu hapafiki hewa, chakula wala dawa.

La tatu ni mgandamizo. Kidonda kilicho chini ya unyayo hukanyagwa kila hatua. Nyama changa iliyoota usiku husagwa mchana.

La nne ni vijidudu. Sukari nyingi hudhoofisha kinga, na kidonda kisichouma hucheleweshwa, hivyo uambukizo hupata muda wa kuzama hadi kwenye mfupa. Hapo ndipo watu huanza kusema ni donda ndugu.

Tatizo hili ni kubwa. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao. Na kwa waliopona, takriban 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Hapa Tanzania kisukari kimeongezeka sana. Utafiti uliofanyika vijijini katika miaka ya 1980, ukiongozwa na Profesa Donald McLarty, ulikuta wenye ugonjwa huu ni karibu mtu mmoja tu kati ya watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wapatao 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na sukari ya juu.

Matokeo yake yanaonekana hospitalini. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa Kagera hupelekwa mambo yanapokuwa magumu, madaktari wa upasuaji waliwafuatilia wagonjwa 136 wenye vidonda vya miguu vya kisukari kati ya mwaka 2008 na 2010. Wengi walifika kidonda kikiwa kimeshafikia hatua mbaya, na upasuaji uliofanyika mara nyingi zaidi ulikuwa wa kukata kiungo. Dar es Salaam nako, utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliolazwa na vidonda vikali bila kufanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu walifariki.

Kwa hiyo familia inayotafuta tiba mpya haina upuuzi wowote. Inaogopa kitu halisi.

Tiba yenyewe ni nini?

Damu ina sehemu kuu mbili. Moja ni maji yenye rangi ya manjano, yaitwayo plazma. Nyingine ni chembe zinazoelea humo: chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, na chembe ndogo kabisa zinazoitwa chembe sahani. Tone dogo la damu lenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 kwa mtu mwenye afya.

Kazi ya chembe sahani inayofahamika zaidi ni kuzuia damu isiendelee kutoka. Ukijikata, hukimbilia pale, hushikana na kuziba tundu. Lakini zina kazi ya pili. Ndani yake kuna vifuko vidogo vilivyojaa protini za kuchochea ukuaji. Chembe sahani zikishafika kwenye jeraha hupasua vifuko hivyo, na protini zile huwa kama mbiu ya mgambo: huita chembe za kusafisha, huamsha chembe za kutengeneza nyama mpya na huchochea mishipa midogo ya damu kuota.

Wazo la tiba hii limetoka hapo. Ikiwa chembe sahani ndizo zinazopiga mbiu, tuzikusanye nyingi mahali pamoja, kisha tuziweke kwenye kidonda kilicholala. Kinachopatikana huitwa plazma yenye chembe sahani nyingi, na kwa kawaida huwa na chembe hizo mara kadhaa zaidi ya damu ya kawaida.

Utaratibu wake ni huu. Mhudumu huchota damu kutoka kwenye mshipa wa mkono, mara nyingi mililita 10 hadi 60 kutegemea ukubwa wa kidonda na aina ya vifaa. Damu huwekwa kwenye chupa maalumu yenye dawa ya kuzuia isigande, kisha chupa hutiwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Kuzunguka huko huitenganisha damu kama maziwa yanavyotengana na siagi: chembe nyekundu, ambazo ni nzito, hushuka chini, plazma hubaki juu, na katikati hukaa tabaka jembamba lenye chembe sahani na chembe nyeupe. Mhudumu huchukua sehemu anayoihitaji. Mara nyingi huongeza dawa ya kalisi ili igande na kuwa kama uji mzito au jeli. Jeli hiyo hupakwa juu ya kidonda kilichosafishwa, au hudungwa kwa sindano pembeni mwa kidonda, kisha hufunikwa kwa bandeji. Kazi hiyo hurudiwa, mara nyingi kila wiki, kwa wiki kadhaa.

Kwa kuwa damu ni ya mgonjwa mwenyewe, mwili hauikatai. Hilo ni kweli na ni faida. Lakini halimaanishi kwamba tiba haina hatari, kama tutakavyoona.

Tafiti zinasema nini?

Wazo hili si geni. Mwaka 1986 daktari wa upasuaji wa Marekani, David Knighton, na wenzake walitangaza matokeo ya kutumia maji yaliyotokana na chembe sahani za mgonjwa mwenyewe kwenye vidonda sugu. Tangu hapo zimefanyika tafiti nyingi, na hapa tunataja chache zinazosaidia kuelewa kwa nini majibu hayafanani.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani ulioanza na wagonjwa 72 wenye vidonda vya miguu vya kisukari. Baadhi walipakwa jeli ya chembe sahani, wengine jeli ya chumvi. Watafiti walipohesabu wagonjwa 40 tu waliofuata masharti yote, vidonda 13 kati ya 19 vya kundi la chembe sahani vilipona, dhidi ya 9 kati ya 21 vya kundi la pili. Inapendeza. Lakini walipohesabiwa wagonjwa wote walioanza, tofauti hiyo haikuwa tena ya uhakika. Msomaji wetu akumbuke somo hili: takwimu inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa inawahusu waliobaki tu.

Mwaka 2017 watafiti wa Misri walichapisha matokeo ya wagonjwa 56. Katika kundi la chembe sahani walipona 86 kwa kila 100, na katika kundi la kawaida 68 kwa kila 100. Ila tuangalie jambo moja: utafiti huo ulihusu vidonda safi, yaani visivyo na uambukizo. Hata wale ambao hawakupata tiba mpya, wengi wao walipona.

Utafiti mkubwa zaidi kati ya hii tunayoitaja ulichapishwa mwaka 2018, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 260 wa Uingereza, Denmark na Sweden. Huko hawakutumia jeli ya kawaida bali kiraka kilichotengenezwa kwa damu ya mgonjwa, chenye chembe sahani, chembe nyeupe na nyuzi za kugandisha damu. Kabla ya kuanza, kila mgonjwa alitunzwa vizuri kwa wiki nne, na ambaye kidonda chake kilipungua kwa nusu au zaidi hakuingizwa, kwa sababu kilikuwa tayari kinajiponea. Kwa wale waliobaki, wenye vidonda vigumu kweli, baada ya wiki 20 walipona 34 kwa kila 100 waliowekewa kiraka, na 22 kwa kila 100 waliopata matunzo ya kawaida peke yake.

Tuisome takwimu hiyo kwa utulivu. Kwa kila wagonjwa 100, kiraka kiliongeza waliopona 12. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini wagonjwa 66 kati ya 100 waliowekewa kiraka bado walikuwa na kidonda baada ya wiki 20. Anayekuahidi kwamba damu yako itafunga kidonda chako "kwa uhakika" anakuambia kitu ambacho hata utafiti mzuri haukukipata.

Kwa nini nchi na wataalamu hutofautiana?

Mwaka 2016 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane, wanaopima ubora wa tafiti za tiba duniani, walikusanya tafiti 10 zenye wagonjwa 442 wa vidonda sugu vya aina mbalimbali. Walihitimisha kwamba plazma yenye chembe sahani nyingi huenda ikasaidia vidonda vya miguu vya kisukari, lakini ushahidi wake ulikuwa dhaifu, kutoka tafiti ndogo.

Mwaka 2021 mfuko wa bima ya afya ya wazee wa Marekani, Medicare, ulikubali kulipia tiba hii kwa vidonda sugu vya kisukari kwa muda wa wiki 20. Miaka miwili baadaye, mwongozo wa mwaka 2023 wa kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari ulipendekeza plazma ya chembe sahani ya kawaida isitumike kama nyongeza. Mwongozo huohuo ulisema kile kiraka chenye chembe nyeupe na nyuzi kinaweza kufikiriwa, kwa masharti mawili: matunzo bora ya kawaida yawe yamejaribiwa na kushindwa, na pawepo wataalamu na vifaa vya kuchota damu mara kwa mara.

Tofauti hii haina maana kwamba mmoja anadanganya. Sehemu ya sababu ni kwamba jina moja linabeba vitu vingi. Kila mtengenezaji ana mashine yake, kasi yake na kiasi chake cha chembe. Damu ya mtu mmoja nayo si sawa na ya mwingine. Hakuna dawa moja yenye kipimo kimoja, kama ilivyo kwa kidonge.

Mambo yanayotangulia

Wakulima wa Muleba wanaujua mnyauko wa migomba. Ukipanda chipukizi bora kabisa pale ulipong'oa mgomba mgonjwa bila kushughulikia ugonjwa, umepoteza chipukizi. Ndivyo ilivyo kwa tiba hii. Chembe sahani hupiga mbiu, lakini lazima awepo wa kuisikia.

Kwanza, uambukizo uondolewe. Daktari au muuguzi mwenye ujuzi hukata na kuondoa nyama iliyokufa na ngozi ngumu ya pembeni, hufungua usaha, hutoa dawa za vijidudu inapohitajika na huangalia kama mfupa umeguswa, mara nyingi kwa kupiga picha ya eksirei.

Pili, damu ifike. Mhudumu hupapasa mapigo mawili: juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yasiposikika, mgonjwa anahitaji kipimo zaidi na pengine upasuaji wa kufungua mshipa. Kupaka plazma kwenye mguu usiofikiwa na damu ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Tatu, mgandamizo uondolewe. Hili ndilo husahaulika zaidi, nalo ndilo huponya wengi. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko India na baadaye Marekani, alionyesha kwamba miguu yenye ganzi haiozi yenyewe. Huumizwa kwa kukanyagwa bila mwenyewe kuhisi. Mguu ukifungwa plasta ngumu inayogawa uzito, vidonda vya miaka hufunga. Njia hiyo ya plasta sasa ni nguzo ya tiba ya mguu wa kisukari. Mahali pasipo na plasta hutumika kiatu maalumu, sponji iliyokatwa vizuri au magongo, na kupumzika kwa dhati.

Nne, sukari ishuke. Hapa vidonge au insulini, chakula na kipimo cha mara kwa mara huenda pamoja. Ndizi na maharage vinaliwa, ila sahani ipimwe: ndizi ni wanga hata kama haina ladha ya sukari.

Mambo haya manne yakifanyika vizuri kwa wiki nne, kidonda kinapaswa kupungua kwa karibu nusu. Kisipopungua, hapo ndipo pa kurudi kwa daktari na kuuliza ni kitu gani kimeachwa, na kama kuna tiba ya nyongeza. Kabla ya hapo, fedha ya familia ina kazi bora zaidi.

Tanzania ina uzoefu wake katika hili. Mwaka 2004 ulianza mpango wa hatua kwa hatua, hapa na India, uliofundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja kwa pamoja namna ya kukagua, kusafisha na kulinda mguu wa kisukari. Hapa nchini mmoja wa waliouongoza ni Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Mpango huo haukutegemea mashine za gharama. Ulitegemea mikono iliyofundishwa na macho yanayoangalia.

Hatari za damu

Watu wa Kamachumu hawahitaji kufundishwa na mtu mwingine kwamba damu ni kitu cha kuheshimiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa Hospitali ya Ndolage, hapahapa kwetu. Eneo hili linajua sindano moja ikipita kwa watu wawili huacha nini.

Tiba ya plazma hutumia damu yako, na ni salama pale tu chupa yako inapobaki yako, sindano inapofunguliwa mbele yako na kutupwa baada yako. Huko New Mexico, Marekani, saluni moja ya urembo isiyo na leseni ilikuwa ikiwafanyia wateja usoni kwa plazma ya aina hii. Ilifungwa mwaka 2018, na wachunguzi wa afya walibaini kwamba baadhi ya wateja wake waliambukizwa VVU. Damu yenyewe haikuwa na kosa. Usafi wa vifaa ndio uliokosekana. Mkulima anayechoma panga kwenye moto kabla ya kuhama kutoka mgomba mmoja hadi mwingine analielewa jambo hili vizuri.

Tena si kila mtu anafaa. Mwenye chembe sahani chache, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye saratani ya damu na mwenye uambukizo mkali mwilini hapaswi kufanyiwa kabla ya kuchunguzwa. Malaria hupunguza chembe sahani na damu pia, kwa hiyo mtu aliyetoka kuugua malaria apimwe kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme.

Rudi kwa mzee wetu

Familia yetu ya mfano ifanye nini? Mguu huo wenye shimo la miezi mitatu hausubiri mavuno ya kahawa wala mnunuzi wa kibanja. Uende hospitali wiki hii. Kutoka Kamachumu, Ndolage ni karibu. Wilayani Muleba zipo pia Rubya na Kagondo. Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kama itahitajika Bugando, safari ya basi au ya meli hadi Mwanza ina gharama yake, na hiyo ndiyo inayofaa kuwekewa akiba kwanza.

Ikiwa kuna uvimbe unaopanda, usaha, harufu, sehemu iliyogeuka nyeusi, homa au sukari isiyoshikika, ni dharura. Haisubiri siku ya kliniki.

Na mtu akija na ofa ya tiba ya damu, muulizeni haya kabla ya kulipa:

1. Wewe ni nani kitaaluma, na kituo chako kimesajiliwa?
2. Umepima mapigo ya damu ya mguu huu? Umeangalia kama mfupa umeathirika?
3. Kidonda kimesafishwa na kuondolewa mgandamizo kwa wiki nne? Kilipimwa urefu na upana mwanzo na mwisho?
4. Umepima wingi wa damu na chembe sahani za mgonjwa?
5. Chupa yake itaandikwa jina lake mbele yetu? Sindano itafunguliwa tukiona?
6. Itarudiwa mara ngapi, na jumla ya gharama ni kiasi gani, si bei ya mara moja tu?
7. Isipoleta mabadiliko baada ya wiki kadhaa, mtafanya nini?

Mtaalamu mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Anayekasirika, au anayesema mgonjwa aache insulini na vidonge kwa sababu damu itamaliza kila kitu, muageni kwa heshima na muondoke.

Kukagua mguu nyumbani

Kwa wale ambao miguu yao bado ni mizima, kuna kipimo rahisi kisichohitaji kifaa, kilichobuniwa huko Ipswich, Uingereza. Mgonjwa afumbe macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho katika kila mguu. Jumla ni vidole sita. Asibonyeze wala asipapase. Mgonjwa asipohisi viwili au zaidi, mguu huo una ganzi na unapaswa kukaguliwa na mhudumu wa afya.

Kisha iwe desturi ya kila jioni. Oshа miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko au na mtu mwingine, usiiloweke, kausha hadi katikati ya vidole. Angalia chini ya unyayo kwa kioo, au mwite mjukuu mwenye macho mazuri. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Usitembee peku, hata uani. Ngozi ngumu usiikate kwa wembe, na funza wasitolewe kwa pini nyumbani, apelekwe zahanati.

Usiku wa baridi, usiweke miguu yenye ganzi karibu na moto wa jikoni, maana itaungua bila kukuambia. Na usishangae tukikumbusha kuhusu panya: madaktari wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005 taarifa za wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini, wakaamka na vidonda. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu, na humpa panya kazi pia.

Tiba ya plazma yenye chembe sahani nyingi ni jambo la kweli, lenye manufaa kwa baadhi ya watu, katika mikono sahihi na kwa wakati wake. Huenda miaka ijayo ikaboreshwa na kushuka bei. Lakini kwa mzee mwenye kidonda leo, kinachookoa mguu ni mlolongo usio na mvuto wa matangazo: kusafishwa, kupimwa mapigo, kupumzishwa, kushusha sukari, na kufika mapema. Siku ile ya kwanza alipovua kiatu akaona damu, jibu la "hauumi" lilitosha kabisa kumpeleka hospitali.